Uwanja, mgomo, kura au mkutano: njia nne za kuiondoa serikali kwa amani

Mjadala huu hukwama mahali pale pale. Mmoja anasema tujae barabarani. Wa pili anasema tufunge maduka, tubaki majumbani. Wa tatu anasema tungoje uchaguzi, ila safari hii kura tuzilinde. Kisha mzee mmoja anadakia: kwa nini watu wasiitwe wakae kitako waongee? Kila mmoja ana mfano wake, na kila mfano ni wa kweli: Khartoum ya Sudan, Gdańsk ya Poland, Lilongwe ya Malawi, Cotonou ya Benin. Ndiyo maana hawaelewani. Wote wanataja ushindi, na hakuna kati ya njia hizo ambayo haijawahi kushinda.

Nazungumzia harakati zisizoshika silaha tu. Watafiti Erica Chenoweth na Maria Stephan walipitia kampeni 323 za kati ya 1900 na 2006, wakakuta zile za amani zilifanikiwa kwa asilimia 53, na zile za silaha kwa asilimia 26. Takwimu hiyo hunukuliwa sana na inatia moyo, lakini isomwe yote: karibu nusu ya waliochagua amani hawakulifikia lengo lao. Kwa hiyo ukishakubali kuweka panga chini, swali gumu bado liko mbele yako.

Vigezo

Njia zote nne nimezipima kwa maswali yale yale. Kwanza, inamgusa nani? Hakuna mtawala anayetawala peke yake. Yuko askari, yuko karani wa mishahara, yuko hakimu, yuko dereva wa treni. Kila njia huanza kwa kumtikisa mmoja wao. Pili, gharama: damu, ajira, njaa, na nani hasa anayelipa. Tatu, maandalizi: muda kiasi gani, na muundo wa aina gani. Nne, kesho yake: mtawala akishaondoka, funguo zimebaki kwa nani? Swali hili la nne ndilo ninalolipa uzito mkubwa kuliko mengine. Nalisema mapema ili msomaji ajue mizani yangu imelalia wapi, na asiyekubaliana nami aweze kupima upya.

1. Uwanja: kuandamana na kukita kambi

Desemba 2018 bei ya mkate nchini Sudan ilipanda kutoka pauni moja hadi tatu. Tarehe 19 mwezi huo watu wa Atbara, mji wa reli wenye historia ndefu ya vyama vya wafanyakazi, waliingia barabarani. Maandamano yakasambaa mji hadi mji, na tarehe 6 Aprili 2019 umati ukafika mbele ya makao makuu ya jeshi mjini Khartoum na kukataa kuondoka. Siku tano baadaye Omar al-Bashir, aliyekuwa madarakani tangu 1989, aliondolewa na majenerali wake mwenyewe.

*Inamgusa nani.* Askari. Dau la uwanja ni kwamba amri ya kufyatua risasi ikitolewa, wenye bunduki watagawanyika. Khartoum waligawanyika kiasi: baadhi ya wanajeshi wa vyeo vya chini walisimama kuwakinga waandamanaji dhidi ya watu wa usalama. Manila mwaka 1986 mgawanyiko ulitangulia umati. Waziri wa ulinzi Juan Ponce Enrile na Jenerali Fidel Ramos walijitenga na Rais Ferdinand Marcos wa Ufilipino tarehe 22 Februari, ndipo Kardinali Jaime Sin akawaomba watu kupitia Radio Veritas watoke wakawalinde. Siku ya nne Marcos akapanda ndege. Wanaosimulia habari za Manila huwakumbuka watawa na rozari mbele ya vifaru, wakasahau mpangilio huo wa matukio.

Burundi, Mei 2015, mambo yalikwenda kombo. Vijana wa Bujumbura walikuwa barabarani tangu Aprili kupinga muhula wa tatu wa Pierre Nkurunziza. Tarehe 13 Mei, yeye akiwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa wakuu wa Afrika Mashariki, baadhi ya maofisa wakatangaza mapinduzi. Yakazimwa ndani ya siku mbili. Tangu hapo kila mwandamanaji alihesabiwa kuwa mshirika wa waasi, redio binafsi zikanyamazishwa, na maelfu kwa maelfu wakavuka mpaka kuingia Tanzania. Jeshi likigawanyika nusu nusu, ni hatari kuliko lisipogawanyika kabisa.

*Gharama.* Umati uliokusanyika mahali pamoja ni rahisi kuupiga. Tarehe 3 Juni 2019, mwishoni mwa Ramadhani, kambi ya Khartoum ilivunjwa kwa risasi. Madaktari walihesabu zaidi ya watu 100 waliouawa, na intaneti ikazimwa nchi nzima.

*Maandalizi.* Ukiutazama kwenye simu utadhani umati umeibuka wenyewe. Sudan ilikuwa na Chama cha Wanataaluma kilichotangaza ratiba za maandamano, na kamati za mitaa zilizojua nani anakaa nyumba gani. Hata tarehe haikuokotwa: tarehe 6 Aprili ndiyo siku Rais Jaafar Nimeiry alipoangushwa mwaka 1985. Kambini kulikuwa na majiko, zahanati na vijana wa kukagua wanaoingia wasibebe silaha. Hapa kuna ile nambari maarufu ya asilimia 3.5, kwamba harakati ikikusanya sehemu hiyo ya wananchi haishindwi. Chenoweth mwenyewe ametahadharisha isichukuliwe kama kanuni: Bahrain mwaka 2011 iliivuka, na harakati ikazimwa.

*Kesho yake.* Hapa ndipo uwanja ulipo dhaifu. Aliyemtoa Bashir ni jeshi, na funguo zikabaki jeshini. Awad Ibn Auf alijitangaza kiongozi. Umati ukamkataa, akajiuzulu kesho yake. Akaja jenerali mwingine, Abdel Fattah al-Burhan. Agosti 2019 raia na wanajeshi walitia saini mkataba wa kugawana madaraka. Oktoba 2021 Burhan aliupindua, na Aprili 2023 jeshi na kikosi cha wanamgambo cha RSF wakageuziana bunduki. Sisemi waandamanaji ndio walioleta vita. Waliileta wenye silaha. Nasema uwanja haukuwa na njia ya kuwanyang'anya funguo. Misri ilipitia hapo hapo: Hosni Mubarak aliondoka Februari 2011, baraza la kijeshi likashika nchi, na Julai 2013 jeshi likarudi tena mbele.

*Inawafaa nani.* Wanaokabiliana na jeshi la kitaifa lenye ndugu na jamaa mitaani, wenye dai moja fupi, na ambao tayari wana chombo kinachoweza kukaa mezani na majenerali. Haiwafai wanaokabiliana na kikosi cha ukoo mmoja au askari wanaolipwa na mfuko wa mtawala mwenyewe.

2. Mgomo: kuzima mitambo na kubaki ndani

Desemba 1970 wafanyakazi wa bandari za Poland walitoka barabarani, wakapigwa risasi. Somo hilo hawakulisahau. Agosti 1980 wenzao wa kiwanda cha meli cha Gdańsk walipogoma, baada ya mwendesha kreni Anna Walentynowicz kufukuzwa kazi, hawakutoka kabisa. Walifunga geti wakabaki ndani. Pombe ikapigwa marufuku. Madai 21 yakaandikwa juu ya mbao na kutundikwa getini kila mtu ayasome. Tarehe 31 Agosti serikali ikatia saini, na chama huru cha Solidarność kikakua hadi wanachama wapatao milioni 10.

*Inamgusa nani.* Mwenye fedha na karani, kisha mtawala anayeishi kwa jasho lao. Serikali inaweza kumpiga mtu aliye barabarani. Aliyelala nyumbani kwake itamlazimishaje aendeshe treni? Sudan wanaijua silaha hii tangu Oktoba 1964, mgomo mkuu ulipomng'oa Jenerali Ibrahim Abboud. Na baada ya mauaji ya Juni 2019, kilichowarudisha majenerali mezani kilianza na siku tatu za Khartoum tupu, tarehe 9 hadi 11: maduka yamefungwa, benki hazina watu, barabara hazina magari. Tarehe 30 mwezi huo huo ndipo umati mkubwa ulipotoka tena.

*Gharama.* Damu ni kidogo, lakini njaa ni nyingi, na haigawanywi sawa. Mwalimu aliyeajiriwa anaweza kugoma wiki mbili akakatwa mshahara. Mama ntilie asipowasha jiko leo, watoto wanalala bila kula leo. Kwetu, ambako wengi hawana mwajiri wa kumgomea, mgomo usio na kikomo huwachosha maskini kabla ya waziri. Kwa hiyo unahitajika mfuko wa kuwasaidia waliosimama kazi, au mgomo wenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza iliyotangazwa hadharani. Siku tatu za Khartoum zilitekelezeka kwa sababu kila mtu alijua zitaisha.

*Maandalizi.* Marefu. Mgomo wa kweli huandaliwa kwa miaka: uaminifu kazini, viongozi waliochaguliwa, orodha za simu. Na hata ukishinda unaweza kusubiri. Tarehe 13 Desemba 1981 Jenerali Jaruzelski, mtawala wa Poland, alitangaza utawala wa kijeshi na kuwafunga viongozi wa Solidarność. Mazungumzo ya meza ya duara yalikuja mwaka 1989, na Tadeusz Mazowiecki akawa waziri mkuu Agosti mwaka huo. Miaka tisa.

*Kesho yake.* Nzuri kuliko ya uwanja, kwa kuwa kuna mtu wa kutia saini. Chama cha wafanyakazi kina katiba, matawi, na kiongozi anayeweza kuwaambia watu "rudini kazini" wakamsikiliza. Kuendesha nchi ni kazi nyingine. Lech Wałęsa alichaguliwa rais mwaka 1990, na 1995 akashindwa na Aleksander Kwaśniewski, aliyewahi kuwa waziri katika serikali ya kikomunisti. Lakini alishindwa kwa kura.

*Inawafaa nani.* Nchi ambayo serikali yake inaishi kwa bandari, reli, umeme, benki, walimu na madaktari. Haifai pale ambapo hazina inajazwa na mafuta au madini yanayochimbwa nyuma ya senyenge na watu wachache. Huko mji mzima ukilala nyumbani, fedha zinaendelea kuingia.

3. Kura iliyolindwa

Njia hii huitwa ya waoga, na nadhani ndiyo inayoonewa kuliko zote. Kulinda kura kwa maana ninayoikusudia hapa ni zaidi ya kupanga foleni na kurudi nyumbani.

Malawi ilipiga kura tarehe 21 Mei 2019. Tume ya uchaguzi ikamtangaza Rais Peter Mutharika mshindi kwa asilimia 38.57, mpinzani wake Lazarus Chakwera akiwa na 35.41. Kisha zikaonekana fomu za matokeo zilizofutwafutwa kwa Tipp-Ex, ule wino mweupe wanafunzi wanaofutia makosa. Ulipata umaarufu ambao hakuna tangazo la biashara lingeweza kuununua. Wapinzani wakaenda mahakamani, na wakati huo huo muungano wa watetezi wa haki, HRDC, ukaita maandamano mwezi baada ya mwezi kwa dai moja: mwenyekiti wa tume, Jane Ansah, ajiuzulu. Tarehe 3 Februari 2020 majaji watano wa Mahakama ya Katiba, waliofika wakilindwa na jeshi, walibatilisha matokeo na kusema kwamba wingi wa kura ni zaidi ya nusu, wala si kumzidi tu anayekufuata. Tafsiri hiyo iliwalazimisha Chakwera na Saulos Chilima, waliokuwa wakishindana, wasimame pamoja. Ansah alijiuzulu Mei, uchaguzi ukarudiwa tarehe 23 Juni, na Chakwera akapata karibu asilimia 59.

*Inamgusa nani.* Hakimu, ofisa wa tume, na askari anayeamua amlinde nani. Malawi jeshi lilisimama kati ya waandamanaji na polisi.

*Gharama.* Ndogo, lakini ipo. Oktoba 2019, huko Msundwe, polisi mmoja aliuawa kwa mawe. Polisi wenzake wakalipiza kwa wanakijiji, wanawake wakidhulumiwa vibaya. Dai la amani lilipata doa ambalo wapinzani wake walilitumia sana.

*Maandalizi.* Yanachosha na hayana mbwembwe: wakala katika kila kituo, picha ya kila fomu, kituo chenu cha kujumlisha, mawakili, na kabla ya yote hayo, mgombea mmoja. Serbia mwaka 2000 vijana wa vuguvugu la Otpor walihamasisha, vyama 18 vikakubaliana kumsimamisha Vojislav Koštunica, na kura zikahesabiwa upya na upinzani wenyewe. Rais Slobodan Milošević alipokataa matokeo ya tarehe 24 Septemba, wachimba makaa wa Kolubara waligoma, na tarehe 5 Oktoba watu wakamiminika Belgrade. Unaona: kura, mgomo, uwanja, kwa mpangilio huo. Kenya walijifunza somo la mgombea mmoja kwa miaka kumi. Mwaka 1992 upinzani uligawanyika na Daniel arap Moi akashinda kwa kura pungufu sana ya nusu. Mwaka 2002 waliungana chini ya muungano wa NARC, na Mwai Kibaki akaingia Ikulu.

*Kesho yake.* Hapa kura huzishinda nyingine zote. Anayeapishwa ana hati, na jeshi linampigia saluti kwa sheria ile ile lililompigia aliyetoka. Malawi walichoshwa na uchumi, na Septemba 2025 wakamrudisha Mutharika kwa sanduku lile lile. Wapo wanaouliza faida ilikuwa nini basi. Faida ni kwamba mara zote mbili hakuna aliyehitaji kifaru.

Kubatilisha peke yake hakutoshi. Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017, lakini Raila Odinga akasusia wa marudio wa Oktoba akisema tume haijarekebishwa, na Uhuru Kenyatta akashinda kwa asilimia 98. Malawi walipata uongozi mpya wa tume kabla ya kurudia. Tofauti yote ilikuwa hapo.

*Inawafaa nani.* Penye mahakama yenye uti wa mgongo japo kidogo, na matokeo yanayotangazwa kituoni. Haifai pale ambapo wagombea wanaenguliwa mapema au kufungwa. Huko hakuna kura ya kulinda.

4. Mkutano wa kitaifa

*Inamgusa nani.* Mtawala mwenyewe, wakati mfuko wake umetoboka. Mwaka 1989 Rais Mathieu Kérékou wa Benin alishindwa kulipa mishahara, benki zilikuwa zimeanguka, walimu na watumishi wamegoma. Akaitisha mkutano wa kitaifa Cotonou, tarehe 19 hadi 28 Februari 1990, chini ya Askofu Isidore de Souza. Wajumbe walioitwa kushauri wakajitangaza kuwa ndio wenye mamlaka ya juu. Kérékou akakubali. Nicéphore Soglo akawa waziri mkuu wa mpito, akamshinda Kérékou kwenye uchaguzi wa 1991. Kérékou akarudi kwa kura mwaka 1996.

*Gharama.* Ikienda vizuri, ni nafuu kwa damu na ghali kwa haki. Kérékou alipewa kinga ya kutoshtakiwa, na waliokuwa wameteswa ilibidi wamtazame akienda zake. Kila familia iamue kama inaweza kuimeza bei hiyo.

*Maandalizi.* Anahitajika msuluhishi ambaye pande zote zinamwamini, na shinikizo lililotangulia. Bila mgomo wa 1989 hakuna mkutano wa 1990.

*Kesho yake.* Inategemea nani ana fedha na kikosi. Wasomaji wa Kongo wanaijua hadithi ya pili. Mkutano wa Zaire, kama nchi yao ilivyoitwa wakati huo, ulifunguliwa Agosti 1991, ukasimamishwa Januari iliyofuata, na Wakristo walioandamana Kinshasa tarehe 16 Februari 1992 kudai ufunguliwe wakapigwa risasi. Ulirudi chini ya Askofu Mkuu Laurent Monsengwo, ukamchagua Étienne Tshisekedi waziri mkuu Agosti 1992. Rais Mobutu alikuwa bado na kikosi chake cha walinzi na fedha zake. Akamfukuza Tshisekedi kabla mwaka haujaisha, na yeye mwenyewe akaja kutolewa na vita mwaka 1997.

*Inawafaa nani.* Wenye mtawala aliyefilisika na anayetafuta mlango wa kutokea. Mtawala mwenye akiba huutumia mkutano kununua muda.

Kwa hali yenu

Kama uchaguzi uko ndani ya miaka miwili na wagombea hawajaenguliwa, pelekeni nguvu kwenye kura, na uwanja uwe akiba ya siku matokeo yatakapochezewa. Gumu kuliko yote litakuwa mgombea mmoja, lianzeni sasa.

Kama uchaguzi ni jina tu lakini wafanyakazi wana vyama vyenye uhai, jengeni mgomo, muufanye mfupi na wenye tarehe, na mfuko wa chakula utangulie tangazo.

Kama watu tayari wako barabarani na hakuna aliyepanga, msiwaambie warudi nyumbani wakasome historia. Ulizeni leo hii nani atakaa mezani kwa niaba yao, na akubalike kabla majenerali hawajajichagulia wa kuongea naye. Risasi zikianza, tawanyikeni na mhamie kwenye kubaki nyumbani, kama walivyofanya Sudan.

Kama serikali hailipi mishahara na viongozi wa dini wanasikilizwa pande zote, daini mkutano, lakini msikubali ufunguliwe bila kujua kikosi cha rais kinapokea amri kwa nani.

Na mlio ughaibuni, Muscat, London au Minneapolis: fedha za mfuko wa mgomo, nakala za fomu za matokeo zilizohifadhiwa nje ya nchi, na kupaza sauti intaneti ikizimwa ni kazi mnayoiweza kuliko waliobaki. Tarehe ya kuingia barabarani waachieni watakaoingia.